Jina na Mwenye Jina

Mwanadamu hukipa kitu jina ili limtumikie, na kabla ya miaka mingi kupita yeye ndiye anayelitumikia jina. Mfanyabiashara hufa, duka likabaki na jina lake. Mfalme huondoka, nasaba ikadumu. Mwalimu huzikwa, na wanafunzi wake wakagawanyika pande mbili, kila upande ukidai kuwa ndio wenye mafundisho ya asili. Swali la nani mwenye haki ya jina ni la kale. Aghalabu huulizwa mbele ya mahakimu, ambao hulijibu kwa hati na mihuri, lakini hati haimalizi shauri. Mtu aweza kushinda kesi na bado akatazamwa na watu kama aliyevaa kanzu ya mwenziwe.

Mfano mmoja wa swali hili umo mahali ambapo wanachuoni hawana desturi ya kwenda kutafuta hekima: katika historia ya kundi la wapiga muziki wa thrashi la Brazili liitwalo Sepultura. Thrashi ni tawi la muziki mzito wa roki lililochipuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa California, Marekani. Magitaa hupigwa kwa kasi kubwa, ngoma hukimbia kama farasi waliofunguliwa, na mwimbaji haipambi sauti yake bali hunguruma. Wengi wasiouzoea huuita makelele. Na waseme. Hoja iliyo hapa haimtaki mtu aupende muziki huo. Inamtaka autazame mkasa wa walioupiga.

Kundi hilo lilianzishwa mwaka 1984 katika mji wa Belo Horizonte, jimbo la Minas Gerais, na ndugu wawili wa tumbo moja, Max na Igor Cavalera. Mkubwa alikuwa hajatimiza miaka 16, na mdogo alimfuata kwa mwaka mmoja na ushei. Baba yao alikuwa amefariki wangali wadogo. Nchi ilikuwa katika siku za mwisho za utawala wa majeshi ulioanza mwaka 1964 na kwisha 1985. Jina lilipatikana Max alipokuwa akitafsiri kwa Kireno maneno ya wimbo wa Motörhead, kundi la Uingereza. Humo alikuta neno lenye maana ya kaburi, na kaburi kwa Kireno ni sepultura. Asiyependa hoja ndefu angeweza kusema hapa hapa kwamba shauri limekwisha: aliyelitoa jina ndiye mwenye jina. Lakini mzazi humpa mtoto jina, na mtoto hulichukua likawa lake. Hapana baba aendaye kumnyang'anya mwanawe jina kwa sababu wamegombana.

Tena kundi lenyewe lilibadilika mapema mno. Mwimbaji wake wa kwanza, Wagner Lamounier, aliondoka mwaka 1985, akaenda kuwa miongoni mwa kundi jingine la mji huo huo, Sarcófago. Jairo Guedz alipiga gitaa katika santuri ya kwanza, Bestial Devastation ya 1985, na katika Morbid Visions ya 1986, kisha naye akatoka. Mahali pake pakashikwa mwaka 1987 na Andreas Kisser kutoka upande wa São Paulo. Hakuna aliyelia kwamba kundi limekufa. Kinyume chake, mgeni huyo alileta ustadi wa gitaa ambao wenyeji hawakuwa nao, na santuri zilizofuata, Schizophrenia ya 1987, Beneath the Remains ya 1989 na Arise ya 1991, ndizo zilizowatoa vijana hao katika vibanda vya mazoezi zikawapeleka katika majukwaa ya Ulaya na Marekani. Yafaa kuuliza kwa nini mabadiliko hayo hayakumuudhi mtu. Jibu jepesi ni kwamba walioondoka hawakuwa mashuhuri. Ikiwa ndivyo, basi umoja wa kitu haumo katika kitu chenyewe; umo katika macho ya wakitazamao, nayo macho hayo yalichelewa kufumbuka.

Umaarufu ulipokuja, ulikuja na mzigo. Santuri ya Chaos A.D. ya mwaka 1993 ilizungumza habari za nyumbani kwao: mauaji ya gereza la Carandiru, São Paulo, ambako wafungwa 111 waliuawa mwaka 1992, na msiba wa Wakaiowa, watu wa asili ya nchi hiyo, waliokuwa wakijiua kwa kupotewa na ardhi yao. Roots ya mwaka 1996 ilikwenda mbali zaidi. Wapiga muziki walisafiri mpaka kijiji cha Wazavante katika jimbo la Mato Grosso, wakarekodi pamoja nao, na ngoma za Carlinhos Brown wa Bahia zikaingia kati ya magitaa. Kundi lililojifunza sauti yake kwa kuiga wageni lilikuwa sasa limejipatia sauti yake lenyewe. Neno roots maana yake mizizi, na katika mwaka huo huo wa mizizi ndipo mti ulipopasuka.

Meneja wa kundi alikuwa Gloria, mke wa Max. Mwezi Agosti 1996 mwanawe, mtoto wa kambo wa Max, alikufa katika ajali ya gari. Kundi lilikuwa Uingereza, tayari kupiga katika tamasha la Donington. Max na mkewe waliondoka kwenda kuzika. Watatu waliobaki walipanda jukwaani bila yeye, na Kisser akaimba. Mwezi Desemba, baada ya onyesho la tarehe 16 katika ukumbi wa Brixton Academy, London, wenziwe walitoa uamuzi wao: hawakutaka kuendelea na Gloria kuwa meneja. Max akaondoka katika kundi. Igor, ndugu yake, akabaki.

Mambo haya yamesimuliwa kwa njia nyingi na kila upande una masimulizi yake, wala si kazi ya insha kuyapatanisha. Lakini swali la adili lililomo ni zito na halihitaji siri za ndani. Watu watatu wana haki ya kuchagua ni nani awasimamie. Kazi ni yao pia, na jasho lao limo ndani yake. Mtu mmoja ana wajibu kwa mke aliyefiwa na mwana, na mkataba wowote ni mwepesi mbele ya wajibu huo. Haki hizi mbili zilikutana mlangoni na mlango ulikuwa mwembamba. Pengine kosa, kama lipo, lilikuwa la wakati kuliko la uamuzi: jambo lililo halali Juni laweza kuwa la kikatili Desemba, matanga yakiwa bado moyoni. Wapo watakaosema kwamba biashara haina matanga. Maneno hayo husemwa sana, na husemwa zaidi na wasiofiwa.

Jina likabaki kwa watatu. Mwaka 1998 Derrick Green, mzaliwa wa Cleveland, Marekani, alisikika mara ya kwanza katika santuri yao ya Against. Mwaka huo huo Max alitoa santuri ya kwanza ya kundi lake jipya, Soulfly, na zote mbili zilitolewa na kampuni ile ile, Roadrunner. Hapo wapenzi wa muziki huo waligawanyika. Wengine walisema kwamba Sepultura ni pale alipo Max. Wengine walijibu kwamba Igor yupo, Andreas yupo, Paulo Jr. yupo, na watatu ni zaidi ya mmoja. Hoja ya pili ilikuwa na nguvu mpaka mwaka 2006, Igor naye alipotoka. Walioitegemea walijikuta hawana pa kusimama, kwa sababu sasa hapakuwa na Cavalera hata mmoja. Hesabu ya vichwa ina udhaifu huo: humpa mtu ushindi wa leo na kumwaibisha kesho.

Wagiriki wa kale walikuwa na kisa cha merikebu ya Theseus, ambacho Plutarch alikiandika. Waathene waliihifadhi merikebu hiyo kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye falsafa wakabishana kama ni ile ile au ni nyingine. Fundi jahazi wa pwani angelicheka ubishi huo. Chombo hubadilishwa mbao, hutiwa kalafati mwaka hadi mwaka, hupewa mlingoti mpya na tanga jipya, na jina lililochorwa ubavuni halibadiliki wala nahodha halali usiku akiwaza. Lakini mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza shida. Je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu moja baada ya moja na kuziunga tena kwa mpango wake wa kwanza, merikebu ya Theseus ingekuwa ipi?

Mawazo ya Hobbes yalikuwa ya mezani, lakini katika mkasa huu yametokea kwa kweli. Ndugu wawili, baada ya kutosemezana karibu miaka 10, walipatana, na mwaka 2008 wakatoa santuri ya pamoja iitwayo Inflikted kwa jina la Cavalera Conspiracy. Wahenga wamesema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mavuno haya yalichukua muda. Kisha mwaka 2023 walizirekodi upya Bestial Devastation na Morbid Visions, na mwaka uliofuata Schizophrenia, wakiziweka chini ya jina la ukoo wao, Cavalera. Mbao kuukuu ziliungwa tena na mikono ile ile iliyozichonga. Bahari moja ikawa na vyombo viwili: kimoja kina jina na hakina waasisi, kingine kina waasisi na hakina jina. Na nyimbo zimo katika vyote viwili, maana wimbo haugawanyiki kama shamba la mirathi.

Hata hivyo mfano wa merikebu una kasoro ambayo wanafalsafa hawakuijali, kwa kuwa haikuwahusu. Ubao hauna nia. Hauondoki kwa hasira, haubaki kwa uaminifu, haulii. Kundi la watu ni ahadi kabla ya kuwa kitu, na anayeitimiza ahadi kila siku ana dai ambalo mwanzilishi aliyeondoka hawezi kulipuuza, hata kama kuondoka kwake kulikuwa na sababu ya heshima. Derrick Green ameimba katika kundi hilo kwa zaidi ya miaka 25. Max alikaa miaka 12. Wapo ambao hata leo humwita Green mwimbaji mpya. Mtu aliyeishi katika nyumba robo ya karne, akaipaka chokaa na kuiezeka upya kila ilipovuja, akiitwa mgeni na wapita njia, ana haki ya kuuliza ugeni huisha lini. Udhalimu wa namna hii hautendwi na mtu mmoja, kwa hiyo hakuna anayeona haya juu yake.

Lakini dai la aliyebaki lina mpaka. Kulinda jina hakumpi mtu mambo yaliyopita. Sauti iliyo katika Roots ni ya Max, na ngoma zilizo katika Arise ni za Igor. Hakuna mkataba unaoweza kuyafanya hayo kuwa ya mwingine, na hakuna aliyejaribu. Igor mwenyewe, tangu atoke, ameongeza herufi moja katika jina lake na huandikwa Iggor, na hapana aliyesema kwamba si mtu yule yule. Jina la mtu linalindwa na mwili wake. Jina la kundi halina mwili, linalindwa na imani tu.

Mwezi Desemba 2023 Sepultura ilitangaza safari ya kuaga, kuadhimisha miaka 40 na kisha kufunga kazi. Tangazo hilo lilileta swali ambalo wabishani wa pande zote mbili hawakulitayarishia jibu. Ikiwa waliobaki ndio wenye jina, wana haki ya kulizika, na jina lenyewe, kwa maana yake, halitashangaa. Ikiwa wao ni wadhamini tu, waliopewa amana na wavulana wawili wa Belo Horizonte, je, mdhamini aweza kuifunga amana bila ya kuwauliza walioiweka? Waliowalaumu miaka yote kwa kuendelea wamejikuta hawawezi tena kuwalaumu kwa kuacha, isipokuwa wakubali kwanza kwamba kulikuwa na kitu cha kuachwa.

Onyesho la kwanza la safari hiyo lilifanywa Belo Horizonte tarehe 1 Machi 2024. Mpiga ngoma alikuwa Greyson Nekrutman, kijana wa Marekani ambaye Roots ilipotoka alikuwa hajazaliwa, aliyeshika mahali pa Eloy Casagrande majuma machache tu kabla ya siku hiyo. Ndugu wa Cavalera hawakuwa jukwaani. Katika wanne waliosimama hapo, aliyekuwamo katika kundi tangu siku za Bestial Devastation alikuwa mmoja tu, Paulo, ambaye wabishani humsahau katika hesabu zao, na gitaa lake la besi lilikuwa begani.