Novemba, Mwezi wa Kuuliza Majina

Mwanangu, najua una haraka. Umesema Novemba hii huna nafasi ya kuja Mbinga, utatuma mchango wa misa kwa simu. Mchango utapokelewa, na Mungu akubariki. Lakini nipe dakika chache nikwambie kitu.

Novemba kwetu jembe lina kazi mbili. Ya kwanza ni mahindi. Zile ngoro, mashimo yetu ya kilimo yaliyozungukwa na kingo, tulimopanda maharage mwezi wa tatu, sasa zinangoja mahindi kwenye kingo zake. Ukifika, zitazame vizuri. Majani tuliyofyeka na kuyalaza kwa miraba yameshaozea chini ya udongo. Shimo la katikati linakamata maji ya mvua, yasiteremke na rutuba yote mtoni. Wamatengo walilima hivi kwenye milima hii mikali tangu kabla Mjerumani hajafika. Mvua ya kwanza isikudanganye. Subiri udongo ulowe mpaka chini ndipo upande.

Kazi ya pili ni makaburi. Tarehe 1 ni Watakatifu Wote, tarehe 2 Marehemu Wote. Hiyo ya tarehe 2 ilianzishwa na Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, yapata mwaka 998. Alikuwa Mbenediktini, na Wabenediktini ndio waliofungua misioni ya Peramiho mwaka 1898, kisha Kigonsera. Basi desturi hiyo ilikaa miaka 900 kabla ya kutufikia. Lakini kuwakumbuka waliotutangulia hatukusubiri kuletewa na mgeni. Tulikuwa na sengu, ukoo unakula pamoja nyumbani kwa mzee, magomvi yanasuluhishwa hapo hapo. Mimi nilijifunzia kwenye sengu nani ni ndugu yangu na kwa njia ipi. Wengi wenu siku hizi mnakula kila mtu na sahani yake, macho kwenye simu. Hilo linaniuma.

Baba yangu aliniita kila Novemba twende tukapalilie makaburi. Mimi nilikuwa kijana, nakimbizana na malipo ya kahawa mjini. Nikamjibu, "Mwakani, baba." Alikwenda peke yake na jembe lake, wala hakunigombeza. Alipofariki nikaenda mwenyewe. Misalaba ya mti ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikakuta matuta mawili yamekaa sambamba, na sikujua lipi ni la babu yangu. Hakuna aliyeweza kuniambia. Mpaka leo napalilia yote mawili na kuyaombea yote mawili, na kila mara roho inanisuta.

Ndiyo maana nakusumbua. Jembe naweza kushika mwenyewe, bado nguvu zipo. Ninachotaka ni wewe uwepo, uniulize huyu ni nani, yule alimwoa nani, walihamia huku wakitokea wapi. Uliza hata kama nitajibu polepole. Uliza tena nikisahau.

Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa masharti yake, kwa anayezuru makaburi na kuwaombea kuanzia tarehe 1 hadi 8. Omba ruhusa kazini siku hizo. Njoo na daftari na kalamu. Shangazi yangu wa Litembo bado anayajua majina mengi kuliko mimi, ila jioni huchoka mapema. Panda basi la asubuhi.