Nguo zikilowa, jicho linaulizwa nini?

KIPENDA roho hula nyama mbichi. Methali hii hutumika sana kufunga mjadala. Mmoja anapenda kumtazama mwanamke aliyenyeshewa, nguo zimemganda mwilini na nywele zinachuruzika maji. Mwingine haoni cha kupendeza hapo. Ukimhoji yule wa kwanza atakujibu: kila mtu na lake, nani kakufanya hakimu wa macho yangu?

Ndugu msomaji, swali hilo lisijibiwe kwa ukali peke yake. Je, Mwislamu huulizwa kwa anachokipenda, au kwa anachokifanya?

Kwanza ieleweke kwamba kulowa si aibu. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Anas bin Malik kuwa mvua iliwanyeshea wakiwa na Mtume (SAW), naye akafunua sehemu ya nguo yake ili maji yampate mwilini, akaeleza kwamba mvua ile ndiyo kwanza inatoka kwa Mola wake. Na katika Sahihi Bukhari imo habari kwamba aliwahi kurudi kuoga wakati swala imeshakimiwa, kisha akatoka kuswalisha huku kichwa chake kikidondoka maji. Basi ubaya hauko kwenye maji wala kwenye nywele zilizolowa.

Je, uko kwenye kupenda? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), amelichambua suala hili katika Ihyaa Ulumid-Din. Anasema kabla ya kitendo moyo hupita hatua nne: wazo linalozuka, mwelekeo wa nafsi, moyo kuamua kwamba jambo hilo lifanywe, na mwisho azma. Mfano wake ni wa barabarani: mtu inamjia picha ya mwanamke aliye nyuma yake, ambaye akigeuka atamuona. Hatua mbili za mwanzo, anasema, haziko katika hiari ya mtu, kwa hiyo haulizwi. Ya tatu anaulizwa kwa kadiri ya hiari aliyokuwa nayo. Ya nne anaulizwa, ila akiacha kwa kumuogopa Allah huandikiwa jema.

Kwa hiyo anayesema "siwezi kujizuia kupenda" ana sehemu ya ukweli. Lakini yeye hazungumzii hatua ya kwanza. Anatetea shingo iliyogeuka na simu iliyotolewa mfukoni kupiga picha. Jarir bin Abdullah alipomuuliza Mtume (SAW) kuhusu jicho linaloangukia jambo ghafla, aliamrishwa aligeuze. Hakuulizwa kwa nini liliangukia pale.

Tena, hayo tunayoyaita mapenzi ya asili mengine tumelishwa. Wangapi wetu tumekulia kwenye filamu za Kihindi, ambamo wimbo wa mapenzi haukamiliki mpaka mvua inyeshe na sari ilowe? Mvua ile haikutoka mawinguni. Ilimwagwa na watengenezaji filamu waliojua wanauza nini. Jicho lililofundishwa hivyo kwa miaka linaweza kufundishwa upya, na mwenye hiari ya kulilisha ataulizwa alililisha nini.

Hata hivyo hoja nzito zaidi ni haki ya yule anayetazamwa. Aliyetoka nyumbani amejistiri ameshatamka, bila kufungua mdomo, asichotaka kionwe. Mvua ya masika inapomkuta kituo cha daladala na kuigandisha nguo yake, haijalifuta tamko lile. Kumkodolea macho wakati huo ni kuchukua kwa hila ya maji kitu ambacho mwenyewe amekunyima. Na kupenda kitu, hata kwa dhati kiasi gani, hakujawahi kumfanya mtu awe mmiliki wake.

Wapo watakaosema: mbona hamuwaambii wanawake? Wanaambiwa. Katika Suratun-Nur, amri ya kuinamisha macho imeelekezwa kwa wanaume katika aya ya 30, na kwa wanawake, pamoja na stara, katika aya ya 31. Dada ajuaye kuwa huu ni msimu wa mvua avae kitambaa kizito, abebe mwavuli au mtandio wa akiba. Lakini upungufu wa mmoja haumhalalishii mwingine. Katika Hija ya Kuaga, mwaka 10 Hijria, Al-Fadhl bin Abbas alimtazama mwanamke wa kabila la Khath'am aliyekuja kuuliza swali. Mtume (SAW) aliugeuza uso wa Al-Fadhl, na yule mama akajibiwa swali lake.

Wala dini haikuja kuua mapenzi ya macho. Imeyapa nyumba. Ibn Abbas alikuwa akisema anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Mume anayependezwa na nywele za mkewe zikiwa mbichi baada ya kuoga, amwambie. Na mke naye ana yake ayapendayo, asikilizwe.

Masika, Machi hadi Mei, barabara zetu hujaa maji na vituo hujaa watu waliolowa. Ndugu yangu, mpishe dada huyo asimame chini ya paa, mpe mwavuli kama unao, kisha tazama upande daladala inakotokea.

Wallahu a'lam.