Mwenye Nyumba Aende Mwenyewe
Somo: Walawi 14:33–48

Wapendwa, huku Kabazi anayetaka ua wa kudumu hutafuta nguzo za mtarakwa. Mwerezi huu mchwa huukwepa, na nguzo yake huweza kumzika aliyeichimbia. Hata hivyo, ipo kuvu inayouweza ungali umesimama. Wataalamu huiandika kwa jina la Pyrofomes demidoffii. Huingilia kwenye kidonda cha shina au penye tawi lililovunjika, ikala mti wa ndani miaka mingi huku majani yakiwa kijani.

Baadaye ndipo hutokeza kwenye shina kitu kigumu mfano wa kwato: juu cheusi chenye nyufa, ndani rangi ya matofali, chini matundu madogo tele. Hilo ni tunda la kuvu tu. Mtaalamu anayeliona na kuandika daftarini aina ya mti, mahali na tarehe anaandika habari ya zamani. Ukilibandua kwa panga, hujatibu kitu.

Na kwetu ni vivyo hivyo. Ndugu wanaoshtakiana kwa chifu kuhusu mpaka wa shamba walianza kununiana tangu matanga ya baba yao. Mweka hazina aliyekula akiba ya chama alianza kwa kukopa mia mbili bila kuandika. Sisi tunakimbilia panga: faini, aibu, maombi ya haraka, basi.

Torati inasimulia nyumba iliyoingiwa na pigo, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani. Aliyetakiwa kwenda kwa kuhani ni mwenye nyumba, si jirani. Kuhani naye aliagiza vyombo vitolewe kabla hajaingia, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Kabla ya hukumu, Mungu aliwaza sufuria za mama mwenye nyumba! Kisha nyumba ilifungwa siku saba. Pigo likienea, mawe yenye doa yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa na kupigwa lipu upya. Kubomoa kulikuja mwisho kabisa, pigo liliporudi baada ya hayo yote.

Mtarakwa hauna mdomo wa kumwambia kuhani. Wewe unao. Wiki hii mwendee uliyemkosea, au mzee wa kanisa unayemwamini, useme jambo lingali dogo. Nawe utakayejiwa, toa vyombo kwanza: linda heshima ya mtu kabla ya kukagua kosa lake.

Bwana, utupe ujasiri wa kusema mapema, na huruma ya kusikiliza. Amina.