Ubatizo Mmoja, Meza Mbili

Umoja wa kiroho wa Wakristo ni dai kwamba watu waliobatizwa katika makanisa yenye maaskofu, katiba na mali tofauti ni wamoja tayari, kabla viongozi wao hawajaketi kuafikiana lolote. Ni dai zito kuliko linavyosikika. Halisemi kwamba Wakristo wanafanana, wala kwamba wanapendana, wala kwamba makanisa yao yataungana siku moja. Linasema umoja upo, na mgawanyiko umeukuta. Mtume Paulo anapowaandikia Waefeso anawahimiza wautunze umoja wa Roho, na mtu hatunzi kitu ambacho hana.

Mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, iliko kata ya Lipingo, unaonyesha jinsi mgawanyiko huo ulivyoingia. Katika nchi hii, iliyohesabiwa ndani ya Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, Uanglikana ulikuja kwa maji. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, UMCA, iliweka makao kisiwani Likoma katika miaka ya 1880, na meli zake, Charles Janson na baadaye Chauncy Maples, zikawa zinapita kijiji kwa kijiji. Mmisionari wake William Percival Johnson alihudumu ziwani kwa zaidi ya miaka 40, akafariki mwaka 1928, na kaburi lake liko Liuli. Ukatoliki ulikuja kwa nchi kavu. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898, wakaingia milima ya Umatengo, na mwaka 1986 Mbinga ikawa jimbo.

Mpaka kati ya pande hizo mbili haukuchorwa na mjadala wa imani. Mababu hawakupima kwanza mamlaka ya Papa na hoja za Canterbury ndipo wachague. Walipokea Injili kwa yule aliyewafikia, na njia ya meli ikaamua mengi. Wajukuu wakarithi dhehebu kama wanavyorithi jina la ukoo. Hapa inasaidia ile tofauti ya kale ya wanafalsafa kati ya kiini cha kitu na yale yanayokiambatia. Mtu kuwa wa Kristo ni jambo la kiini. Kumpata Kristo kupitia gati la meli au kupitia njia ya mlimani ni jambo la kuambatia. Hata hivyo hoja hii ina kikomo chake. Chanzo cha mpaka hakithibitishi kwamba mafundisho yaliyo kila upande ni mepesi. Mtu anaweza kuzaliwa ndani ya ukweli bila kuuchagua.

Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alilikabili swali hili alipojibizana na Wadonati, Wakristo waliojitenga na Kanisa. Wao waliona kwamba ubatizo uliotolewa nje ya kanisa lao, au na mhudumu asiye safi, si kitu. Augustino akajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo, si wa anayebatiza, kwa hiyo haurudiwi hata ukitolewa na waliojitenga. Jibu hilo ndilo msingi imara zaidi wa umoja unaozungumzwa hapa, kwa sababu haliuegemezi juu ya hisia za waumini wala wema wa viongozi. Hadi leo Kanisa Katoliki halimbatizi upya Mwanglikana aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Utatu. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayakubali ubatizo wa watoto wachanga, na kwao umoja huanzia penye wokovu ulioungamwa. Hiyo ni tofauti ya kweli.

Kufanana, kwa upande wake, si umoja. UMCA ilikuwa ya Waanglikana waliopenda ubani, mavazi ya ibada na maungamo. Kwa macho, ibada yao ilikaribia misa ya Wabenediktini kuliko ibada ya Waanglikana wengi wa Kenya. Lakini meza zilibaki mbili. Na ni askofu wa misheni hiyohiyo, Frank Weston wa Zanzibar, aliyepinga kwa ukali mkutano wa Kikuyu wa mwaka 1913, ambako Waanglikana na Waprotestanti wengine walipanga shirikisho kisha wakashiriki meza ya Bwana pamoja. Weston aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Ukali wake ulizidi kipimo, ila swali lake lilikuwa la haki: umoja usio na mwili, usio na utaratibu wa kuulinda, hukaa wapi? Mwaka 1920 huyohuyo aliunga mkono wito wa maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, uliowatambua wote wamwaminio Kristo na kubatizwa kwa jina la Utatu kuwa washiriki wa Kanisa moja la ulimwengu.

Uganda ilikuwa imelijibu swali la Weston kwa uchungu kabla hajaliuliza. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kwa waliowaua, wote walikuwa wasomaji tu, yaani watu waliojifunza dini ya wamisionari. Ikiwa kuna mahali umoja wa kiroho uliwahi kuonekana kwa macho, ni pale. Miaka sita haikutimia kabla vyama viwili, cha Wakatoliki na cha Waanglikana, vilivyoitwa Wafransa na Waingereza, havijapigana vita Mengo mwezi Januari 1892. Damu ilishuhudia umoja, lakini haikuujengea nyumba. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki mwaka 1964, aliwataja pia wale Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo.

Kwenye mwambao wa Nyasa nyumba hiyo imejengwa nusu. Msibani watu hukaa mkeka mmoja bila kuulizana dhehebu. Kitaifa, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki zilianzisha mwaka 1992 Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, ili shule na hospitali zao ziwe na sauti moja mbele ya serikali. Altare haijafikiwa. Mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka kuwa daraja takatifu za Waanglikana ni batili, na tamko hilo halijafutwa. Kijana Mwanglikana na binti Mkatoliki wakioana kwa kibali cha askofu, Kanisa Katoliki huihesabu ndoa yao kuwa sakramenti, kwa sababu wote wawili wamebatizwa. Lakini Jumapili inayofuata mume na mke hao hutoka nyumba moja, na kwa kawaida kila mmoja hupokea komunyo kwenye altare yake.