Utamu wa Ujana Uliopita

Ndugu zetu, katika nyimbo za kantri za Marekani, ambazo hata hapa Kenya zina wapenzi wengi, uko mmoja uitwao «Strawberry Wine», alioimba Deana Carter mwaka 1996. Mwanamke akumbuka mapenzi yake ya miaka 17 shambani kwa babu yake, na mvinyo pamoja nayo. Sisi hatuupendi. Kukumbuka si haramu. Nani asiyeutamani ujana wake? Lakini kumbukumbu huondoa uchungu ikabakisha utamu. Aimbaye amekwisha kuvuka. Kijana asikiaye hudhani ameruhusiwa. Ujana ni amana, nasi tutaulizwa tuliutumiaje. Basi tunapowahadithia wana wetu, makosa aliyotusitiri Mola tusiyatangaze, wala tusiyapambe.