Mvua, Baridi na Lawama

Baridi ya Nairobi huingia Juni, hukaza Julai na kulegea mwishoni mwa Agosti. Wakati huo jua liko kaskazini mwa ikweta, na kusini mwa Bahari ya Hindi, jirani na visiwa vya Maskarini, hukusanyika hewa nzito yenye mgandamizo mkubwa. Kutoka huko upepo wa kusi husukuma hewa ya ubaridi na unyevu hadi bara. Hewa hiyo ikifika kwenye nyanda za juu zilizo mashariki mwa Bonde la Ufa hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa na kuwa wingu. Wingu lenyewe halikui kwenda juu kama lile la masika, kwa sababu juu yake pana tabaka la hewa yenye joto zaidi linalolifunika. Basi hutanda chini, siku baada ya siku, likidondosha manyunyu yanayolowesha nguo bila kunywesha shamba. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 za Selsiasi. Mchana hupanda hadi 21 au 22, na siku ambayo jua halikupenya kabisa hakifiki hata hapo. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kwenye Barabara ya Ngong, kati ya Kawangware na Kibera, na kila mwaka idara hutangaza msimu huu kabla haujafika.

Kutangazwa hakupunguzi manung'uniko. Aliyesubiri masika yaishe ili apate jua huona amedhulumiwa, na kama masika yenyewe yamechelewa kuondoka, matope ya Mei hukutana na baridi ya Juni bila nafasi katikati. Neno "amedhulumiwa" lina uzito. Dhuluma huhitaji mdhulumu, na wingu halina nia. Hapo ndipo hali ya hewa inapoacha kuwa habari ya vipimo na kuwa swali la dini na falsafa: je, binadamu ana haki ya kulalamikia mbingu, na akilalamika, lawama yake inamwendea nani?

Mashimoni, kimojawapo cha vijiji vya mtaa wa mabanda wa Kibera, swali hili halina anasa. Chumba cha kawaida ni cha futi kumi kwa kumi, kuta za udongo au mabati, paa la mabati. Usiku wa Julai pumzi za watu watano waliolala ndani hupanda, hugusa bati lililopoa na kuwa matone; alfajiri blanketi la juu huwa limelowa hata kama nje hakukunyesha. Nguo hukaa kwenye kamba hadi zianze kunuka uvundo. Watoto hukohoa. Jiko la makaa huingizwa ndani lipashe chumba, mlango hufungwa ili joto lisitoroke, na hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi inayotoka kwenye makaa imewaua watu wengi nchini wakiwa usingizini. Kibarua wa mjengo hulipwa kwa siku, kwa hiyo asubuhi ambayo mvua imesimamisha kazi ni asubuhi isiyo na chakula cha jioni. Mama fua anayekaa nje ya mageti ya Kilimani akingoja kuitwa hajui kama ataitwa, maana nani afue leo nguo zisizokauka hadi keshokutwa? Lakini hatua chache kutoka hapo, muuza uji humaliza sufuria mapema kuliko siku za jua, muuza makaa hupandisha bei ya kopo, na masweta ya mitumba hutoka haraka pale soko la Toi. Na upande wa Kitui au Machakos kuna mkulima anayeomba wingu kama hilo lije kwake, tena lije na mvua ya kweli.

Kwa hiyo maombi kuhusu hali ya hewa hugongana, na dini zililiona jambo hili zamani. Talmud, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya Kiyahudi, inaeleza kwamba kuhani mkuu, katika siku kuu ya upatanisho, aliomba Mungu asiyasikilize maombi ya wasafiri kuhusu mvua wakati dunia inapoihitaji. Msafiri anataka njia kavu. Dua yake ni ya kweli na shida yake ni ya kweli, lakini ikijibiwa, wengine watalala njaa. Maana yake ni kwamba uchungu wa mtu mmoja, hata ukiwa wa haki, hautoshi kuwa kipimo cha mvua. Injili ya Mathayo inasema jambo la jirani na hilo kwa njia nyingine: mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki, wala si mshahara wa mtu. Katika kitabu cha Ayubu, Mungu anakumbusha kwamba hunyeshea hata jangwa lisilo na watu. Mafundisho haya yanamtoa binadamu katikati ya hali ya hewa, na yanamtuliza yule anayedhani mvua imetumwa imwadhibu yeye.

Uislamu una simulizi iliyo karibu zaidi na maisha ya Mashimoni, na inafaa kukaa nayo kidogo. Katika hadithi iliyopokelewa na Anas bin Malik, iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, mtu aliingia msikitini Madina siku ya Ijumaa Mtume Muhammad (S.A.W.) akihutubu, akalalamika kwamba mifugo inaangamia kwa ukame, akaomba waombewe mvua. Mtume aliinua mikono akaomba. Ikanyesha wiki nzima. Ijumaa iliyofuata akaja mtu na malalamiko ya kinyume: mvua imezidi, mali inaharibika, aombewe ikome. Mtume hakuomba mvua iondolewe. Aliomba inyeshe pembezoni mwao isiwaangukie, ishuke kwenye vilima, mabonde na penye mizizi ya miti.

Dua ile ya pili haipimi wingi wa mvua wala kuikataa. Inaomba maji yaende mahali yatakapofaa na yasipoumiza. Haiiti mvua balaa, kwa sababu ni rehema ileile iliyoombwa wiki moja kabla. Inakiri tu kwamba rehema ikishuka mahali pasipofaa hubomoa nyumba. Makina, sehemu ya Kibera walikoishi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles na vizazi vyao, dua hiyo inajulikana vyema misikitini.

Kenya nzima ilipitia mfano wa simulizi hiyo hivi karibuni. Baada ya misimu 5 mfululizo ya mvua kukosekana tangu mwishoni mwa 2020, viongozi wa nchi waliitisha maombi ya kitaifa ya mvua mwezi Februari 2023. Mwishoni mwa mwaka huohuo El Niño ilileta mafuriko, na masika ya 2024 yakaua zaidi ya watu 200 nchini. Jijini Nairobi maji yalivamia makazi ya kando ya mito, Kibera ikiwemo, kisha serikali ikabomoa nyumba nyingi zilizokuwa kingoni mwa mito katika mitaa ya Mathare na Mukuru. Wapo waliosema Mungu alijibu kupita kiasi, na wapo waliosema ni adhabu. Kauli zote mbili zina kasoro ileile: zinamruka kila mtu aliye kati ya mbingu na mlango wa chumba kilichofurika.

Ubishi wa wanafalsafa unasaidia hapa. Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba hakuna kinachowezekana kilicho bora kuliko ulimwengu ulivyo, kauli iliyowagawa wanazuoni kwa karne nyingi baada yake. Leibniz wa Ujerumani alitetea wazo la jamii hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1710. Tetemeko la ardhi la Lisbon la tarehe 1 Novemba 1755 lilipowaua maelfu, wengi wao wakiwa kanisani siku ya Watakatifu Wote, Voltaire aliliona wazo hilo kuwa tusi kwa waliofukiwa. Jean-Jacques Rousseau alimjibu kwa barua mwezi Agosti 1756. Hakumtetea Mungu kwa kusema mateso ni mema. Alisema si maumbile yaliyorundika pale nyumba elfu ishirini za ghorofa sita au saba. Kama watu wangekaa kwa kutawanyika zaidi, hasara ingekuwa ndogo. Wengi huisoma hoja hiyo kama ukatili kwa wahanga, na kweli Rousseau hakuuliza kwa nini maskini wa mji hukaa walipokaa. Hata hivyo alilihamisha swali kutoka mbinguni hadi kwenye ramani ya mji, na halijarudi tena kikamilifu lilikotoka.

Kwa Waafrika wengi wa kale swali hilo halikuwa limeenda mbinguni peke yake. John Mbiti, mwanateolojia Mkenya aliyezaliwa Kitui na kufariki mwaka 2019, alionyesha katika maandishi yake jinsi jamii nyingi za bara hili zilivyoihesabu mvua kuwa baraka kuu ya Mungu, huku zikiwa na watu maalumu wa kuiombea. Ukoo wa Nganyi huko Vihiga ungali unajulikana kwa kazi hiyo. Wazee wake, wanaosoma dalili za miti, wadudu na upepo, wamewahi kukaa meza moja na wataalamu wa hali ya hewa kulinganisha utabiri. Kwa baadhi ya jamii za Sudan Kusini, mganga wa mvua alibeba dhima nzito mno: ukame ukizidi, watu wangeweza kumuua. Adhabu hiyo ni ya kutisha na haina utetezi. Lakini ilikuwa na mantiki, kwamba ukame unaoua watu una mtu wa kujibu. Dini za Kitabu, yaani Uyahudi, Ukristo na Uislamu, ziliivunja mantiki hiyo kwa kumwachia Mungu mvua yote, na zilifanya jema, maana ziliokoa shingo za wengi wasio na hatia.

Sayansi ya leo imeirudisha dhima kwa binadamu, safari hii kwa ushahidi. Mwezi Mei 2024 kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichunguza mvua za masika ya mwaka huo Afrika Mashariki, likakadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliziongezea nguvu kwa takribani asilimia 5, huku likikiri kwamba makadirio hayo yana shaka ndani yake. Walisisitiza zaidi kukua haraka kwa miji na watu kusongamana mahali pa hatari. Asilimia 5 si kitu cha kupuuza, na waliosababisha joto hilo kwa kiasi kikubwa hawaishi Kibera. Lakini sehemu kubwa ya madhara ina anwani ya karibu zaidi. Mvua iliyonyesha Karen, mtaa wa matajiri, ndiyo iliyonyesha Mashimoni. Karen maji yalipata nyasi na mifereji, Mashimoni yalipata taka zilizoziba mtaro na vyumba vilivyojengwa hadi ukingoni mwa mto. Aliyekodi chumba cha bondeni hakukichagua kwa kupenda kusikia maji. Alikichagua kwa sababu ndicho alichoweza kulipia.

Mwanafalsafa Judith Shklar, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu sura za dhuluma, aliandika kwamba mpaka kati ya bahati mbaya na dhuluma hauko wazi kama watu wanavyodhani, na kwamba mara nyingi anayeuchora ni yule ambaye hakuumia. Hilo linaonekana katika matumizi ya neno subira. Kufundisha watu wasiitukane mvua wala wakati ni fundisho sahihi, kwa kuwa wingu halikosi. Baridi ya Julai inastahili subira ya namna hiyo. Lakini subira ikihubiriwa kuhusu bati linalovuja, mtaro ulioziba na jiko linaloua kwa sababu chumba hakina dirisha, huwa imetoka kwenye mipaka yake. Mambo hayo hayakushuka na upepo wa kusi. Mwaka 2020 mpango wa Kazi Mtaani ulipowalipa vijana wa Kibera kuzibua mitaro, mitaro ilizibuka. Na Katiba ya 2010, katika Ibara ya 43, inamhakikishia kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kuridhisha vya usafi. Anayekaa Mashimoni ana wa kumdai, na dai lake halipunguzi imani yake hata chembe.

Wachungaji wa Mashimoni na maimamu wa Makina wataongoza tena dua za mvua kabla ya masika yajayo. Waombe mvua, na waombe iende mahali panapofaa. Kisha, kabla waumini hawajatawanyika, wataje kwa jina mtaro ulioziba na ofisi ya kaunti inayopaswa kuuzibua.