Haki na Mgao wa Hewa ya Ukaa: Neno Moja, Maana Mbili

Katika Kiswahili, neno haki hubeba maana mbili: stahili ya mtu na uadilifu katika kumgawia. Itifaki ya Kyoto (1997) ilizitenganisha. Nchi nyingi zilizoendelea zilipimiwa ruhusa ya kutoa gesijoto kwa kigezo cha zilichotoa mwaka 1990. Aliyezoea kuchafua zaidi akaruhusiwa zaidi. Hapa methali "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama" imegeuzwa kanuni, ilhali methali hiyo yaeleza mambo yalivyo, haiyahalalishi. Mkulima wa Ziwa, karibu na Eldoret, ambaye mahindi yake hutegemea mvua, hana kisu. Majira yakivurugika, hasara ni yake. Kwa hiyo, mgao usiozingatia idadi ya watu na historia ya uchafuzi waweza kuitwa ruhusa. Hauwezi kuitwa haki.